Taa Ndogo ya Kijani: Tunapima au Tunabahatisha?

Katika pikipiki nyingi zinazotembea katika barabara zetu, mbele ya macho ya mwendeshaji pana taa ndogo ya kijani yenye herufi N. Inapowaka, mwendeshaji huamini kwamba injini haishikani na gurudumu la nyuma, na kwamba anaweza kubonyeza stata bila ya chombo kumtoroka. Hali hiyo mafundi huiita nyutro. Makala haya yanahusu taa hiyo siku inapoanza kusema uwongo. Shabaha yangu si kuwafundisha mafundi kazi yao, bali ni kuwauliza walimu wenzangu kwa nini kijana aliyefaulu mtihani wa fizikia hushindwa na saketi yenye balbu moja, waya mmoja na swichi moja.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita taa ya pikipiki yangu ilianza kuwaka wakati wote, hata niwapo katika gia ya 3. Sikujali. Asubuhi moja, nikiiamini taa, nilibonyeza stata bila kubana klachi, kumbe nilikuwa nimeiacha katika gia ya kwanza. Pikipiki iliruka mbele hatua nzima ikagonga beseni la maandazi la mama mmoja jirani. Mtoto wake alikuwa ameondoka pale dakika ile ile. Maandazi niliyalipa, nikaenda moja kwa moja gereji. Fundi wa kwanza aliitazama taa, akatamka neno moja tu: swichi. Nami, mwenye shahada ya udaktari niliyoisomea ng'ambo kwa miaka minne, nikaenda dukani nikanunua swichi.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwembe. Kabla ya kufungua chochote, alichomoa waya unaoingia katika swichi ya zamani, akauacha ukining'inia hewani. Taa ikaendelea kuwaka. "Mwalimu," akasema, "swichi haimo tena, na taa inawaka. Sasa swichi ina kosa gani?" Sikuwa na jibu. Aliufuata waya huo kwa vidole hadi kwenye shingo ya fremu, mahali usukani unapogeukia, akakuta ganda lake limechubuka na shaba imegusa chuma. Kipande cha tepu kilitosha.

Hebu tuitazame saketi yenyewe. Umeme wa volti 12 hutoka katika ncha chanya ya betri, hupita katika fyuzi na swichi kuu, huingia katika balbu, kisha hushuka kwa waya mmoja hadi kwenye swichi ya nyutro iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Ncha hasi ya betri imeunganishwa na fremu na chuma cha injini. Kwa hiyo kazi ya swichi ni moja tu: gia zikiwa katika nyutro, huugusisha waya ule na chuma cha injini, mzunguko ukakamilika na taa ikawaka. Ndiyo maana waya uliochubuka mahali popote kati ya balbu na swichi hufanya kazi ile ile ya swichi, bila kujali gia iko wapi.

Kutokana na picha hiyo, mwanafunzi anaweza kujitungia majaribio yake. Taa ikiwa haiwaki kabisa, achomoe waya kwenye swichi, afungue swichi kuu bila kuwasha injini, kisha aigusishe ncha ya waya na chuma kitupu cha injini. Ikiwaka, basi fyuzi, balbu na waya ni vizima, na kosa liko kwenye swichi au ndani ya giaboksi. Isipowaka, swichi imeonewa bure. Taa ikiwa haizimiki, jaribio ni lile la kijana wa mwembeni. Jambo moja la kutahadhari: katika pikipiki mpya zenye kompyuta ya kuongoza mafuta, asiguse waya wowote kabla ya kusoma kitabu cha chombo hicho.

Hitilafu inayonivutia zaidi ni ile ya taa kuwaka hafifu. Balbu ya wati 3 katika volti 12 hupitisha robo ya ampea, yaani ukinzani wake ikiwa imewaka ni ohm 48 hivi. Katika pikipiki nyingi ndogo swichi hukaa karibu na spoketi ya mbele, mahali ambapo matope na grisi ya mnyororo hujikusanya. Uchafu au kutu kwenye kiungo ukifikisha ukinzani unaolingana na ule wa balbu, kanuni aliyoitangaza Georg Simon Ohm mwaka 1827 inatuambia kwamba kiungo hicho kitainyang'anya balbu nusu au zaidi ya volti zake. Hapo swichi haijafa, inaomba kusafishwa.

Mwanafunzi wa kidato cha 4 aliyekwisha kusoma habari za diodi anastahili fumbo gumu zaidi. Pikipiki nyingine hukubali kuwashwa kwa stata katika hali mbili tu: ikiwa katika nyutro, au mkono wa klachi ukiwa umebanwa. Njia hizo mbili hukutana, na diodi huwekwa kati yao ili umeme upite upande mmoja tu. Sasa, mtu abanapo klachi akiwa katika gia, taa ya nyutro ikawaka, tatizo ni nini? Diodi imetoboka, nayo inapitisha umeme pande zote mbili. Nimelitoa swali hili kwa wanafunzi wangu wa chuo kikuu, na wengi walipendekeza kununua swichi. Nilicheka, kisha nikakumbuka beseni la maandazi.

Tena kuna jambo ambalo hata wahandisi hulisahau. Taa ile haiangalii gia. Ndani ya giaboksi mna ngoma ya chuma yenye mifereji. Ikizunguka, mifereji husukuma uma, na uma husogeza gia. Swichi huangalia mahali ngoma iliposimama, basi. Uma ukipinda au kulika, ngoma yaweza kusimama panapostahili na gia zikabaki zimeshikana. Taa ni ushahidi wa kuambiwa. Ushahidi wa macho ni kuachia klachi, injini ikiwa imezimwa, na kuisukuma pikipiki kwa mkono: ikienda kwa wepesi, iko nyutro, ikigoma, haiko.

Ninalolipinga kwa nguvu ni desturi ya kuufunga waya wa swichi moja kwa moja kwenye chuma cha injini ili stata ikubali wakati wote. Dereva wa bodaboda hukabidhiwa chombo "kilichopona", taa inang'aa, naye hajui kwamba kinga yake imeondolewa. Aliyefanya hivyo ametengeneza kwa makusudi kosa lile lile lililonipata mimi kwa bahati mbaya. Wala simlaumu fundi peke yake. Dereva hulipa kwa siku, na siku isiyo na safari haina chakula. Kila mmoja hutaka jibu la haraka, na kubahatisha huonekana ni haraka kuliko kupima. Lakini jaribio la kuchomoa waya huchukua dakika 5. Swichi ya kubahatisha huchukua fedha ya siku nzima, na huenda kosa likabaki palepale.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba shule hazina vifaa. Vifaa vyenyewe ni balbu ya volti 12, vipande viwili vya waya, na pikipiki ya mwalimu yeyote ikiwa juu ya stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Mwalimu aweke kosa kwa siri: alegeze kiungo, au atie karatasi katika kishikio cha fyuzi. Kila mwanafunzi aandike kwanza dhana yake, kisha jaribio litakaloweza kuivunja, ndipo aguse waya. Alama zitolewe kwa mpangilio wa majaribio, hata kwa yule ambaye kosa hakuliona.

Swichi yangu bado imo katika boksi lake, juu ya meza ofisini. Kila mwaka huwazungushia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikiwauliza ilinunuliwa kwa sababu gani. Hadi leo hakuna aliyejibu kwamba ilinunuliwa kwa sababu mwalimu wao hakuchomoa waya.