KONA YA KAZI ZA MIKONO: Pete ya waya na ushanga kwa anayeanza

Mwezi huu tunajibu ombi la wasichana ambao wametuuliza zaidi ya mara moja: zile pete za waya na ushanga zinatengenezwaje, na je, mtu ambaye hajawahi kushika plaizi anaweza? Anaweza. Bangili inakula shanga nyingi sana, lakini pete inataka ushanga mmoja na waya ya sentimita 40 tu. Ukiharibu, umeharibu kidogo.

Lakini tuseme jambo moja mapema. Mgao wa chakula umepungua tangu 2023, na kila nyumba inatafuta cha kuongezea. Pete haitalipa ada ya shule mwezi wa kwanza. Usiuze unga wa watoto ukanunue shanga. Anza na pete tano, uone mkono wako unasemaje.

Vitu vya kutafuta

Waya laini ya shaba, unene kama milimita 0.8. Plaizi ndogo yenye mdomo mwembamba na sehemu ya kukatia. Kijiti cha mviringo au maka peni nene. Msasa kidogo. Na shanga zenye tundu ambalo waya inapita bila kulazimishwa. Zile shanga ndogo za kioo wanazotumia Wamasai tundu lake ni dogo mno kwa waya hii, hizo zinataka waya nyembamba zaidi. Wewe anza na ushanga mkubwa wa milimita 8 hivi.

Usipopata shanga za duka, tengeneza za karatasi. Wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda wakakaa Acholi Quarter kule Kampala wamejulikana kwa shanga hizo. Kata karatasi ya kalenda ya zamani kwa umbo la pembetatu ndefu na nyembamba, viringisha kwenye sindano nene kuanzia upande mpana, paka gundi mwishoni, kisha paka vanishi na uache ikauke kabisa.

Waya inatoka wapi?

Hapa tunaomba msikilize vizuri. Fundi umeme anayefunga nyumba hubaki na vipande vifupi. Waya ya nyumba yenye nyuzi saba ndani inafaa sana, kila uzi unakuwa waya ya pete. Fundi wa kufunga mota naye ana waya ya shaba iliyopakwa rangi. Waombe au wanunulie hao, kwa uwazi.

Usichukue waya kwa mtu anayeiuza usiku. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya watu waliokuwa wakiharibu nguzo na nyaya za umeme, na haikufunguliwa mpaka Mei mwaka huo. Mtu akikutwa Busia au Malaba na mzigo wa shaba asioweza kueleza, hakuna atakayeamini ati ni ya kutengeneza pete. Na kwa sisi wakimbizi, kesi moja ndogo inasumbua familia nzima.

Tena usichome plastiki ili kutoa waya. Ule moshi ni sumu, hasa kwa watoto, na shaba yenyewe inakuwa nyeusi. Chuna na wembe pole pole, ukisukuma wembe mbali na mkono wako.

Namna ya kufanya

1. Pima kidole. Zungusha kipande cha karatasi kwenye kifundo, pale penye unene, uweke alama. Ikiwa ni milimita 53, unataka kijiti chenye upana wa milimita 17. Chagua kinachozidi kidogo, maana pete inabana ukiifunga. Pima jioni, asubuhi vidole huwa vyembamba.

2. Kata waya sentimita 40. Inyooshe kwa kuivuta ndani ya kitambaa mara moja au mbili, basi. Shaba ukiikunja na kuinyoosha mara nyingi inakuwa ngumu, halafu inakatika.

3. Ingiza ushanga mpaka katikati ya waya. Uweke juu ya kijiti. Peleka ncha mbili nyuma, zipishane, zirudi mbele kila moja upande wake. Sasa kijiti kimezungukwa na waya mbili.

4. Bana kwa kidole gumba. Zungusha ncha zote mbili kuuzunguka ushanga, kwa mwelekeo mmoja, mara mbili. Itaonekana kama ua.

5. Toa pete kwenye kijiti. Kila ncha ifunge kwenye mkanda wa pete mara tatu, mzunguko mmoja ukikaa karibu na mwenzake. Hapo ndipo pete inapokazika.

6. Kata kilichobaki ukiwa umefunika waya kwa kiganja, maana kipande kinaweza kuruka jichoni. Ncha iangalie nje, si upande wa kidole. Ibane na plaizi, kisha piga msasa.

Ncha ndiyo inayouza

Mteja haangalii ua kwanza. Anavaa, anavua, na pete ikimkwaruza anairudisha, na habari zinaenda soko zima. Kwa hiyo kila pete ipitishe juu ya leso yako nzuri. Ikinasa uzi hata mmoja, haijaisha. Rudia msasa. Anayeanza akijua hili tu, kazi yake itapita ya yule mwenye mwaka mzima anayefanya haraka.

Mwambie mteja ukweli mwingine: shaba ikikutana na jasho inaacha rangi ya kijani kwenye ngozi. Si ugonjwa, inatoka kwa sabuni. Lakini ngozi ikiwasha, avue.

Ukimaliza, fagia mkeka. Kipande cha waya na ushanga mmoja vinatosha kumdhuru mtoto anayetambaa.

Hesabu na mpaka

Tuseme umetumia shilingi 6,000 za Uganda kwa vifaa vya pete 20, na nne zimeharibika. Zimebaki 16. Gharama ya kila moja si 300, ni 375. Wengi wanasahau zile zilizoharibika, halafu wanashangaa pesa imeenda wapi. Na ukiuzia mtu wa Busia, kubalianeni kabisa ni shilingi ya nchi gani.

Wengi wetu tulivukia Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008, tukapokelewa Mulanda kule Tororo kabla ya kuletwa huku Kiryandongo, na bado tuna ndugu pande zote mbili. Ndiyo maana tunaulizwa: je, niende mwenyewe Busia nikachague shanga? Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inakupa haki ya kufanya kazi na kutembea ndani ya nchi, kwa hiyo Tororo unaweza kwenda. Kuvuka kurudi nchi uliyoikimbia ni jambo lingine, linaweza kuleta maswali juu ya ukimbizi wako. Uliza kwanza ofisi ya wakimbizi ya OPM. Na usipite njia ya panya kwa sababu ya shanga! Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, maafisa wa nchi mbili wako mahali pamoja. Ndugu mwenye kitambulisho apite hapo, anunue, akutumie na basi. Mwambie apime tundu la ushanga kwa kipande cha waya yako kabla ya kulipa.

Ndugu zetu, pete tano za kwanza zivae wewe na watoto wako wakubwa kwa wiki moja, wakifua, wakilima, wakiosha vyombo. Zikifunguka, utajua wapi pa kukaza. Zisipofunguka, peleka sokoni.

Mwezi ujao tutaeleza hereni za waya hiyo hiyo. Mwenye swali alete kabla gazeti halijafungwa. Kazi njema.