Wito ni wa Mzazi, Homa ni ya Mtoto

Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa pamoja na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito. Mwezi Julai mwaka huohuo homa iliwakamata. Rosine alijifungua binti, akafariki dunia siku chache baadaye, na mtoto naye hakukawia kumfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf hukumbukwa hadi leo kwa kamusi yake ya Kiswahili na tafsiri zake za Maandiko. Yule binti hakuwa na kauli yoyote katika safari iliyomfikisha pwani hiyo.

Miaka sita baadaye, kusini mwa Afrika, David Livingstone alivuka jangwa la Kalahari hadi Ziwa Ngami akiwa na mkewe Mary, naye mjamzito, na watoto wao watatu. Wawili kati ya watoto hao walipatwa na homa. Familia ilirejea Kolobeng, Mary akajifungua binti, Elizabeth, aliyefariki akiwa na umri wa majuma machache tu. Mwaka 1851 Livingstone alikusudia kwenda tena na familia yake. Mama mkwe wake, ambaye mwenyewe alikuwa mke wa mmisionari, alimwandikia barua kali ya kumpinga. Safari ilifanyika, na njiani watoto walikaa siku kadhaa karibu bila maji. Mwaka uliofuata Livingstone aliwasafirisha mkewe na watoto kwenda Uingereza.

Wazazi hao wana udhuru mmoja mkubwa: hawakujua. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, akiwa India, alipoonyesha kuwa vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Mzazi wa leo hana udhuru huo. Kila mwaka familia kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini huja Afrika Mashariki kwa safari za umisheni za majuma mawili, miezi mitatu au zaidi, na nyingi huja na watoto wadogo. Baadhi ni familia za Waafrika Mashariki wanaoishi ughaibuni, wanaorudi na makanisa yao kuhudumu nyumbani. Swali linalowapasa wote ni lilelile lililokuwa ndani ya barua ya mama mkwe: je, wito wa mzazi unampa haki ya kumweka mtoto mahali pa hatari bila kumwandaa?

Jibu la haki ni kwamba haumpi. Mtu mzima anayesafiri kwa imani hujitoa mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili hutolewa na wengine. Kwa sababu hiyo kipimo cha maandalizi ya safari nzima kinapaswa kuwa yule aliye mdogo kuliko wote, na endapo hawezi kukingwa ipasavyo, safari iahirishwe au apelekwe mzazi mmoja. Huo si upungufu wa imani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu safari za kimataifa umewahi kuwashauri wazazi wasiwapeleke watoto wachanga na wadogo katika maeneo yenye malaria ya falsiparamu, aina iliyoenea zaidi nchini Tanzania.

Sababu ya tahadhari hiyo ni ya kitabibu. Mtoto mdogo asiye na kinga dhidi ya malaria anaweza kutoka kwenye homa ya kawaida hadi degedege, upungufu mkubwa wa damu au kupoteza fahamu katika muda mfupi sana. Dawa zake za kinga hupimwa kwa uzito wa mwili, si kwa kugawa kidonge cha baba kwa macho. Baadhi hazifai kwa walio chini ya kilo 5, na doksisaiklini haitolewi kama kinga kwa walio chini ya miaka 8. Hata dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET haipakwi kwa mtoto wa chini ya miezi 2. Huyo kinga yake ni nguo ndefu na chandarua chenye dawa.

Wapo watakaouliza: mbona watoto wa Kilombero na Kigoma wanaishi na mbu haohao? Swali hilo lina uzito, na jibu lake halimfurahishi yeyote. Watoto hao nao huugua na hufa. Waliookoka hujijengea kinga kiasi kwa kuugua mara nyingi. Mgeni hana hata hiyo. Mzazi aliyekulia Kigoma, akaishi Minnesota miaka kumi, amepoteza sehemu kubwa ya kinga yake, na mtoto wake aliyezaliwa huko hajawahi kuwa nayo. Kusema kwamba mtoto huyo anarudi kwao ni kweli kwa ukoo, lakini mbu hatambui ukoo.

Maandalizi yana upande wa pili unaosahaulika mara nyingi zaidi, nao ni afya ya wenyeji. Surua huambukiza kwa urahisi mkubwa, na mtoto asiyechanjwa anayeshuka kwenye ndege anaweza kuileta katika darasa la Shule ya Jumapili lenye watoto wachanga waliobebwa mgongoni. Nchini Tanzania chanjo ya surua hutolewa katika miezi 9 na 18. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayesafiri nje ya nchi, mamlaka za afya za Marekani hupendekeza dozi moja ya mapema, ambayo haihesabiwi katika ratiba yake ya kawaida. Chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Familia inayoanza kuulizia chanjo juma la mwisho imechelewa.

Kisha yapo yasiyo na chanjo. Ajali za barabarani huwaua wasafiri wengi kuliko magonjwa mengi yanayoogopwa, hata hivyo mara nyingi mtoto wa mgeni hupakatwa mbele ya gari la misheni kwa sababu kiti chake kiliachwa ili kupunguza mizigo. Mtoto humkimbilia mbwa asiyemjua, na akiumwa huweza kuficha akiogopa kukaripiwa. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kuoga ziwani huleta kichocho. Kuhara huhitaji maji ya chumvichumvi na sukari mapema, kabla macho ya mtoto hayajadidimia.

Wajibu huu si wa wazazi peke yao. Kanisa linalotuma lina haki ya kudai kadi ya chanjo ya kila mtoto kama linavyodai pasi ya kusafiria. Kanisa linalopokea nalo lina haki ya kuuliza kabla ya kukubali ugeni: watoto ni wangapi, wana umri gani, watalala chini ya vyandarua vya nani, na kituo cha afya chenye kipimo cha malaria, dawa na damu kiko umbali gani? Desturi ya ukarimu huwafanya wenyeji waone aibu kumhoji mgeni. Aibu hiyo ni ndogo ikilinganishwa na msiba wa mtoto ugenini.

Hakuna anayepaswa kukataa kwamba mtoto aliyecheza na wenzake wa nchi nyingine hurudi na moyo mpana, wala kwamba familia ya wageni yenye watoto hupokelewa haraka kijijini. Manufaa hayo ni ya kweli, na yanastahili kulindwa kwa maandalizi ya kweli, ambayo hayaishii uwanja wa ndege. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurejea ichukuliwe kuwa malaria hadi vipimo vithibitishe vinginevyo, na mzazi amwambie daktari siku hiyohiyo, bila kusubiri kuulizwa, kwamba mtoto huyu alikuwa Afrika Mashariki.