Himaya: Neno la ulinzi lililoficha amri

MFALME Charles wa Tatu wa Uingereza alipozuru Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023, alikiri kwamba Wakenya walitendewa ukatili usio na kisingizio walipokuwa wakipigania uhuru. Alieleza majuto yake, lakini hakuomba radhi rasmi.

Mjadala kuhusu ukatili huo aghalabu huishia kwenye fidia na ardhi. Hata hivyo, kuna jambo jingine linalopuuzwa, nalo ni jina tunalouita utawala wenyewe. Tumezoea kusema 'Himaya ya Uingereza'. Je, neno hilo linabeba ukweli wa mambo yalivyokuwa?

Waingereza waliuita utawala wao 'empire'. Asili ya neno hili ni 'imperium' la Kilatini, linalotokana na kitenzi chenye maana ya kuamuru. Katika Roma ya kale, imperium haikuwa nchi bali mamlaka ya kiongozi mkuu kutoa amri na kutiiwa. Kiongozi huyo alitanguliwa na wapambe waliobeba mafungu ya fimbo na shoka, ishara kwamba aliweza kuchapa na hata kuua. Baadaye neno lilipanuka, likawa jina la nchi zote ambako amri ya Roma ilifika.

Kiswahili nacho kilichota maneno yake katika Kiarabu. Milki ni kitu kinachomilikiwa. Dola linatokana na mzizi wenye maana ya kugeuka na kupokezana zamu. Himaya, kwa upande wake, ni ulinzi: anayekuweka chini ya himaya yake amejitwika jukumu la kukukinga.

Hapo ndipo penye mtego. Uingereza ilipoitwaa nchi hii rasmi mnamo Julai 1, 1895 kutoka kwa kampuni iliyokuwa imepewa hati ya kifalme mwaka wa 1888, haikutangaza koloni. Ilitangaza himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wake.

Miaka 20 baadaye, sheria ya ardhi ya 1915 ilihesabu hata mashamba waliyoishi Waafrika kuwa mali ya Taji la Uingereza, ilhali walowezi waliruhusiwa kukodishiwa ardhi kwa miaka 999. Mnamo 1920 sehemu ya bara ikageuzwa koloni. Ukanda wa pwani wa maili 10, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ulibaki kuitwa himaya hadi 1963.

Waama, mlinzi alikuwa amegeuka mwenye nyumba, na mwenye nyumba akawa mpangaji. Himaya ilikuwa jina la nje. Ndani mlikuwa na milki na amri.

Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ilichukua hadi 2013 kwa serikali ya Uingereza kukubali kutoa jumla ya pauni milioni 19.9, zikiwemo gharama za kesi, kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Hao ndio waliojua uzito wa ulinzi ule.

Si lengo letu kudai kwamba neno himaya lifutwe katika kamusi. Limekwisha kuzoeleka, na lugha haiendeshwi kwa amri. Lakini tulitumie tukijua lilikotoka, hasa wakati huu ambapo husemwa kwa fahari kwamba eneo fulani ni himaya ya mwanasiasa fulani, na wapinzani wake hawana ruhusa ya kukanyaga huko.

Kauli hiyo inakinzana na Katiba ya 2010. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi, nacho Kifungu cha 61 kinasema ardhi yote ya Kenya ni ya Wakenya. Hivyo basi, amri ni yetu na milki ni yetu.

Anayejitokeza leo akiahidi kutulinda aulizwe maswali mawili: nani atakayetoa amri, na ardhi itabaki mikononi mwa nani? Akisita kujibu, tumkumbushe maana ya kale ya neno dola. Uongozi ni zamu, na kila zamu ina mwisho.