Albamu ya kijana wa miaka 19, na biti zinazolala Kisauni

Mwaka 2022 kijana wa Dar es Salaam, Hamadi Hassani, anayejulikana na wapenzi wa singeli kwa jina la DJ Travella, alitoa albamu yake ya kwanza, Mr Mixondo. Umri wake ulikuwa miaka 19 hivi. Si mwimbaji, ni mtu wa biti. Hilo ndilo la kutushughulisha sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako prodyuza hulipwa na mwimbaji, jina lake likatajwa mara moja mwanzoni mwa wimbo, kisha akasahauliwa.

Albamu ilitolewa na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Lebo hiyo ilikuwa imeshatoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa vijana wa studio moja ya Mburahati, na mwaka uliofuata Poaa ya Bamba Pana. Travella aliikuta njia imefyekwa.

Wako wanaosema ni wageni waliowatoa. Nusu yake kweli. Lakini kabla lebo haijabisha hodi, singeli ilikuwa tayari inakesha kwenye vigodoro vya Manzese na Tandale, na vijana walikuwa wakishindana studioni nani ana biti kali zaidi. Lebo iliikuta karamu imeandaliwa.

Na hebu tuangalie kilichopikwa. Singeli ilianza kwa kuchukua kipande kifupi cha kinanda cha taarabu, kikarudiwa na kukimbizwa hadi mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Taarabu hiyo ni yetu pia! Wala kuchanganya si kugeni kwetu: Mzee Joseph Ngala wa Freretown aliunda Bango kwa kuoanisha saksafoni na midundo ya Kimijikenda. Malighafi tunayo, harusi tunazo, na vijana wenye kompyuta wamejaa tele.

Kinachotukwamisha, kwa maoni yangu, ni namna tunavyofanya kazi. Prodyuza wetu hutengeneza biti kwa oda. Mwimbaji anakuja, anaeleza anachotaka, analipa, anaondoka nayo. Sasa, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ikiagizwa na mtu, haki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kijana anaweza kupiga biti mia tatu na akakosa hata kumi za kuiita albamu yake.

Ile aliyojitengenezea mwenyewe usiku, bila kuagizwa, ni habari nyingine. Hiyo ni yake, na haihami ila kwa maandishi yaliyotiwa sahihi na yeye mwenyewe au mwakilishi wake. Maneno ya mdomo hayatoshi, hata mbele ya mashahidi.

Kuna na deni la upande wa pili. Ukikata kinanda cha taarabu ya mtu, harusini hakuna atakayekuuliza, lakini albamu ikianza kuuzwa Ulaya mwenyewe, au wanawe, wana haki ya kuuliza. Wazee wetu wa taarabu wamenyonywa vya kutosha, wasimalizwe na wajukuu.

Kwa hivyo kijana wa Kisauni anayepokea oda kesho aandike karatasi moja kabla hajawasha kompyuta: nani anamiliki biti, nani anamiliki sauti, na kama yeye anaruhusiwa kuitoa biti hiyo peke yake, bila mwimbaji. Mwimbaji akikataa kutia sahihi, bei ipande.