Dripu Si Kipimo cha Matibabu Mema

Majuzi nyanya mmoja kutoka Mbeere aliniletea mjukuu wake aliyekuwa akichemka kwa homa. Kabla sijamgusa mtoto alisema, "Daktari mwanangu, muwekee maji aamke." Nilimlaza mtoto, nikampima damu, nikamdunga dawa ya malaria. Maji sikumwekea. Nyanya alinitazama kana kwamba nimemnyima mtoto chakula.

Huku kwetu, kuanzia Kiritiri hadi Maua, chupa inayoning'inia juu ya kitanda ndiyo huhesabiwa kuwa matibabu. Kliniki isiyoweka dripu huambiwa haina daktari, na wenye kliniki wanalijua hilo vizuri. Hata sisi tulifunzwa vivyo hivyo: mtoto mwenye homa akipoa mikono na mapigo yake yakidhoofika, mmiminie maji ya chumvi upesi ili damu izunguke. Mafunzo hayo yaliletwa kutoka nchi ambako mtoto akizidiwa huhamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi chenye mashine za kumsaidia kupumua.

Profesa Kathryn Maitland, anayefanya utafiti wake Kilifi, ndiye aliyeuliza kama desturi hiyo yafaa katika hospitali zetu. Yeye na wenzake waliwafuatilia watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliokuwa na homa kali na damu isiyozunguka vyema. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Fungu moja lilimiminiwa maji ya chumvi, la pili maji yenye albumini, na la tatu likapewa maji polepole tu, ya kumtosha mtoto asiyeweza kunywa. Wote walipata dawa na uangalizi sawa. Baada ya saa 48, katika mafungu mawili ya kwanza walikuwa wamekufa watoto 110 na 111. Katika la tatu walikufa 76. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011.

Walipochunguza vifo hivyo zaidi, mwaka 2013, walieleza kwamba kilichowaangusha watoto zaidi ni moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Wengi wetu tulidhani maji yangejaa mapafuni au kwenye ubongo. Tena, na hili ndilo linalonisumbua usiku, watoto waliomiminiwa maji ndio waliokuwa wameonekana kupata nafuu upesi zaidi katika ile saa ya kwanza.

Nafuu hiyo niliwahi kuishuhudia. Miaka michache kabla ya utafiti huo, nikiwa daktari mchanga katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nilifungulia mtoto wa miaka 2 dripu ikaenda kwa kasi. Mikono ilipata joto, akafungua macho, mama yake akanishika mkono kunishukuru. Alfajiri nesi aliniita. Siwezi kuapa kwamba ni maji yaliyomuua, kwani alikuwa mgonjwa sana. Lakini yale shukrani sijayasahau.

Hapa naomba usinisikie vibaya. Mtoto anayehara na kutapika hadi macho yakadidimia anahitaji maji, tena haraka. Hao hawakuwamo katika utafiti huu. Vilevile wapo watoto wachache waliozidiwa kabisa ambao bado hupewa maji ya mshipani, ila tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri yawe machache na yaende taratibu zaidi. Ninayemkataza ni yule anayemtundikia dripu kila mtoto mwenye homa, iwe ya malaria kutoka Tharaka au ya mapafu kutoka baridi ya Imenti, kisha akaenda zake.

Ukimfikisha mtoto hospitalini usiku, uliza kama amepimwa malaria na wingi wa damu. Uliza kama oksijeni ipo. Uliza ni nesi gani atakayemtazama saa 9 usiku, na ana watoto wangapi wengine. Viongozi wetu wa kaunti nao wangeulizwa hilo la mwisho kabla ya kuzindua jengo jingine.

Mjukuu wa yule nyanya alirudi nyumbani siku ya nne akitembea. Nyanya alinishukuru, kisha akauliza kama sasa naweza kumwekea japo chupa moja ya kumpa nguvu.