Timu ya Msafara Haijengi Mji

Tabora haijapungukiwa timu, imepungukiwa mizizi. Rhino Rangers ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14, ikashuka msimu huo huo. Mwaka 2023 Kitayosce, klabu yenye asili ya Kilimanjaro, ikabatizwa Tabora United. Ikaanza ligi dhidi ya Azam na wachezaji wanane, kwa kuwa usajili ulikwama. Novemba 2024 iliifunga Yanga 3-1, nasi tukadhani tumefika. Mwaka 2025 jina likageuka tena: TRA United.

Huku si kujenga upya, ni kuhamisha hema. Misafara ya kale ilitua Unyanyembe, ikaajiri wapagazi, ikaenda zake. Klabu inayokusanya wachezaji kila dirisha la usajili na kuwatawanya msimu ukiisha haina tofauti nayo.

Watetezi husema tatizo ni fedha. Fedha huleta mfadhili, na mfadhili huondoka na jina lake. Ndugu wasomaji, tuwaulize viongozi swali moja: kijana wa Sikonge anayeng'ara UMISSETA anapokelewa na nani, kabla hajarudi kwenye shamba la tumbaku? Wasipokuwa na jibu, wasituombe makofi.