Rubani wa helikopta Quebec aelewe lugha zote mbili

Kanuni za usafiri wa anga za Kanada zinatamka kwamba Kiingereza na Kifaransa ndizo lugha za mawasiliano ya redio angani. Kanuni hizohizo zinamruhusu rubani wa helikopta kupewa leseni baada ya kupimwa lugha moja tu kati ya hizo mbili. Katika jimbo la Quebec, ambako lugha zote mbili husikika redioni kila siku, masharti haya mawili hayapatani. Wizara ya Uchukuzi ya Kanada inalijua hilo, na imeliacha.

Wanaotetea utaratibu uliopo hujibu kwamba waongoza ndege wa Quebec na wa eneo la Ottawa wanazimudu lugha zote mbili. Ni kweli, na ndiyo maana ndege za abiria hutua Montreal salama huku rubani mmoja akisema Kiingereza na aliye nyuma yake akisema Kifaransa. Kila mmoja ana mtu ardhini anayemwelewa na mwenye dhamana ya kumtenganisha na mwenzake.

Helikopta hazifanyi kazi katika anga la namna hiyo. Shughuli zao nyingi ziko chini na mbali na minara: kukagua nyaya za umeme, kubeba wachimba madini, kumwaga maji juu ya moto wa msitu, kumfuata mgonjwa mahali pasipofika barabara. Huko hakuna wa kuongoza. Kuna masafa ya megahezi 126.7, ambamo kila rubani hutangaza alipo, mwinuko wake na anakoelekea, kisha hutegemea kwamba walio jirani wamesikia na wameelewa.

Hapo ndipo leseni ya lugha moja inapokuwa hatari. Rubani aliyesomea Alberta na asiyejua Kifaransa anaweza kuingia bonde moja na rubani wa Saguenay asiyejua Kiingereza. Wote wawili wana leseni halali. Wote wawili wametangaza walipo kama inavyopendekezwa. Hakuna aliyevunja kanuni hata moja, na hakuna anayejua mwenzake yuko wapi. Kanuni inayoweza kutimizwa kikamilifu na bado ikawaacha marubani wawili gizani ina kasoro, na kasoro hiyo ni ya aliyeiandika.

Msimu wa moto wa mwaka 2023 ulionyesha ukubwa wa jambo hili. Misitu ya Quebec iliungua kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa karne nzima, na msaada ukaitwa kutoka majimbo mengine na kutoka nje ya nchi, Ufaransa ikiwamo. Juu ya moto wenyewe kuna ndege ya uratibu inayopanga nani apite wapi. Lakini helikopta hulazimika kwanza kufika motoni, kisha kwenda kujaza mafuta, kubadilisha vikosi na kurudi, mara nyingi katika moshi unaoficha milima. Katika safari hizo mratibu hayupo. Kilichopo ni redio, na redio inamfaa anayeielewa tu. Mabadiliko ya hali ya hewa yanairefusha misimu ya moto, kwa hiyo mchanganyiko huu wa wageni na wenyeji katika anga moja utajirudia.

Mjadala huu si mgeni Kanada, na historia yake inapaswa kuwatahadharisha wote wanaotafuta jibu la mkato. Mwaka 1974 serikali iliruhusu Kifaransa kitumike katika baadhi ya viwanja vidogo vya Quebec, kwa marubani wanaoruka kwa kuangalia kwa macho. Ilipotaka kupanua ruhusa hiyo, marubani na waongoza ndege wa nchi nzima waligoma, Juni 1976, wakidai kwamba lugha mbili zingeua watu. Serikali ya Pierre Trudeau ilisalimu amri na kuafikiana nao, ikaunda tume ya majaji watatu, na waziri mmoja mwandamizi kutoka Quebec, Jean Marchand, akajiuzulu kwa kupinga makubaliano hayo. Mwaka 1979 tume ilitoa hukumu yake: huduma ya lugha mbili inaweza kutolewa bila kupunguza usalama. Kifaransa kikabaki angani.

Tume ilikuwa sahihi, na hakuna sababu ya kuirudisha Kanada kwenye hofu ya 1976. Rubani ambaye injini yake imezimika sekunde chache kabla ya kugusa miti hana nafasi ya kutafuta maneno ya lugha ya pili. Kumnyima lugha anayofikiria nayo ni kumwongezea hatari. Wanaotaka Kiingereza pekee hawajawahi kueleza kwa nini hatari hiyo ihamishiwe kwa Wakanada wasemao Kifaransa peke yao, tena katika nchi yao wenyewe. Hata hivyo, tume ilichunguza kazi ya waongoza ndege. Hukumu yake haiwezi kutumika kama kinga kwa anga ambalo halina mwongoza ndege.

Yale ambayo dunia imejifunza yanaonyesha mahali hasa pa kuangalia. Septemba 10, 1976, miezi michache tu baada ya mgomo ule, ndege mbili ziligongana juu ya Zagreb na watu 176 wakafa. Katika dakika za mwisho mwongoza ndege alizungumza na mojawapo kwa lugha ya kwao. Wafanyakazi wa ndege nyingine, ya Uingereza, hawakuweza kufahamu kwamba maneno yale yaliwahusu. Mei 2000, katika uwanja wa Charles de Gaulle mjini Paris, ndege iliyokuwa ikipaa iligonga ndege ndogo iliyoingia kwenye njia ya kurukia, na rubani msaidizi wa ile ndogo akafa. Moja ilikuwa imeongozwa kwa Kifaransa, nyingine kwa Kiingereza. Katika matukio yote mawili mwongoza ndege alizijua lugha zote mbili. Waliokosa kuelewana ni wale waliokuwa kwenye viti vya rubani.

Ajali ya Washington ya Januari 29, 2025 inaongeza hoja hiyo nguvu ingawa haikuhusu lugha. Helikopta ya jeshi na ndege ya abiria ziligongana, watu 67 wakapoteza maisha. Mwongoza ndege alizungumza na zote mbili, lakini zilitumia masafa tofauti na kwa hiyo hazikusikiana. Kusikiana ni ngao ya mwisho ya rubani pale mifumo mingine yote inaposhindwa. Marubani wawili walio kwenye masafa mamoja lakini wasioelewana wako katika hali ileile, na kwa Quebec hali hiyo imehalalishwa na leseni.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao makuu Montreal, ndani ya jimbo linalozungumziwa hapa, lilipitisha masharti ya lugha mwaka 2003, baada ya msururu wa ajali ukiwamo mgongano wa 1996 karibu na Delhi uliowaua watu 349. Yalianza kutumika Machi 2008, na nchi ambazo hazikuwa tayari zikapewa hadi 2011. Masharti hayo yanamtaja rubani wa helikopta waziwazi. Anatakiwa kufikia angalau daraja la nne kati ya sita, akipimwa matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, ufasaha, ufahamu na mwingiliano, na daraja lake huwa lile la chini kabisa kati ya hayo sita. Ni kipimo kizuri. Lakini kinapima kama rubani anaweza kuzungumza na ardhi. Hakimuulizi kama anaweza kumwelewa rubani mwenzake anayetumia lugha nyingine ambayo serikali yake imeihalalisha katika anga hilohilo. Swali hilo limeachiwa nchi husika, na Kanada haijalijibu.

Hata mtihani uliopo hausimamiwi ipasavyo. Machi 2017 ndege mbili za mafunzo, zikiendeshwa na wanafunzi wa kigeni, ziligongana juu ya Saint-Bruno karibu na Montreal. Rubani mmoja alifariki. Ripoti ya Bodi ya Usalama wa Uchukuzi haikuishia kwenye mienendo ya ndege hizo. Iligusa pia namna Wizara inavyosimamia mitihani ya lugha inayotolewa na watahini walioteuliwa. Pale bodi ya uchunguzi inapofika hadi kwenye mtihani ili kuieleza ajali, mwenye mtihani hawezi kudai kwamba jambo halimhusu.

Jibu linalostahili liko wazi, na halimnyang'anyi mtu lugha yake. Kila rubani wa Quebec aendelee kusema kwa lugha aliyochagua, ila alazimike kuielewa ile nyingine inaposemwa redioni. Kuelewa tangazo la mahali, mwinuko, mwelekeo, nia na dharura ni jambo la msamiati mdogo unaoweza kufundishwa kwa muda mfupi. Si kumdai mtu aweze kuhojiwa bungeni kwa lugha ya pili. Kanada tayari ina faharasa rasmi ya istilahi za redio kwa lugha zote mbili, iliyochapishwa kwa ajili ya marubani na watoa huduma. Kilichokosekana ni amri kwamba rubani aijue, na mtihani wa kuthibitisha kwamba anaijua.

Kwa hiyo Wizara irekebishe kanuni zake. Rubani yeyote wa helikopta za biashara, za tiba au za zimamoto anayeruka Quebec na eneo la Ottawa afanye mtihani wa kusikiliza katika lugha ya pili, na matokeo yaandikwe kwenye leseni kama inavyoandikwa lugha ya kwanza. Sharti limhusu rubani wa Toronto sawasawa na wa Trois-Rivières. Sheria ya Lugha Rasmi, iliyofanyiwa marekebisho makubwa Juni 2023, inazitaja lugha hizi kuwa na hadhi sawa. Hadhi hiyo haina maana iwapo mzigo wa kuelewa utabebwa na upande mmoja kila mara, kama ilivyokuwa kwa miongo mingi.

Pingamizi la gharama litaletwa. Kampuni za helikopta zitasema marubani ni wachache na mafunzo yana bei. Serikali iliyotangaza lugha mbili ndiyo yenye wajibu wa kulipia maana yake. Ada za mtihani na kozi fupi zitoke hazina ya taifa, zisitolewe mfukoni mwa rubani kijana anayetafuta saa zake za kwanza. Wengine watasema vifaa vya kuonyesha ndege jirani vinatosha. Helikopta nyingi ndogo hazilazimiki kuwa na vifaa vya hali ya juu vya kuzuia kugongana, na bonde lenye moshi halingoji teknolojia imfikie kila mmiliki. Wapo pia watakaouliza maiti ziko wapi, kwa kuwa Quebec haijapata Zagreb yake. Usalama wa anga umejengwa kwa kukataa hoja hiyo.

Wakati kanuni inasubiri, kuna hatua zisizohitaji bunge. SOPFEU, shirika linalolinda misitu ya Quebec dhidi ya moto, lisimkabidhi kazi rubani wa lugha moja bila kumpa msaidizi anayeielewa ile nyingine. Nav Canada, inayoendesha huduma za anga tangu 1996, ichapishe maeneo ya chini ambako lugha zote mbili husikika sana na ndege ni nyingi, ili rubani mgeni ajue anakoingia. Bodi ya Usalama wa Uchukuzi iandike, katika kila tukio la ndege kukaribiana, lugha iliyotumiwa na kila rubani na kama mwenzake aliielewa. Jambo lisiloandikwa halifuatiliwi, na Wizara imenufaika na ukimya huo.

Afrika Mashariki nayo isitazame jambo hili kama ugomvi wa mbali. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na pamoja na Burundi imeleta anga ambalo Kifaransa husikika redioni, pembeni mwa nchi ambazo marubani wake hupimwa kwa Kiingereza. Helikopta za misaada, za uchimbaji madini na za walinda amani huruka chini katika ukanda huo, mara nyingi nje ya macho ya mnara wowote. Wakala wa Jumuiya wa usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, una mamlaka ya kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Uziagize mamlaka za anga za Nairobi, Dodoma, Kampala, Kigali, Bujumbura na Kinshasa zieleze kwa maandishi ni marubani wangapi wa helikopta waliopewa ruhusa ya kuvuka mpaka wa lugha, na ni nani aliyethibitisha kwamba wanaelewa wanachokisikia huko.